Friji Lisilozinduliwa

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo kitu hakikuwepo mpaka kizinduliwe. Wageni waliona ni ajabu, lakini wenyeji walishazoea. Daraja la Mto Kijiba lilikamilika miaka minne kabla mgeni rasmi hajapata nafasi, na kwa miaka hiyo minne watu walivua viatu, wakakunja suruali, wakavuka ndani ya maji huku wakisifia uzuri wa nguzo. Mmoja aliyepita juu alifungwa miezi sita kwa kosa la kuvuka mapema. Watoto waliozaliwa katika wodi mpya ya wazazi kabla ya utepe kukatwa hawakupewa vyeti, kwa kuwa mtu hawezi kuzaliwa mahali pasipokuwepo. Baadhi yao sasa wako darasa la tatu, na serikali bado inasubiri wazaliwe.

Mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa na pande mbili, Mlimani na Bondeni. Kisukari kilipiga kote kote bila kuuliza mtu anakaa wapi. Kuuliza kulianza baadaye, kwenye matibabu. Mgonjwa wa Mlimani alipokelewa na daktari, mshauri wa chakula, mshauri wa viatu, na samaki wa rangi waliowekwa ndani ya tangi la kioo ili kumtuliza wakati akisubiri, ingawa hakuwahi kusubiri. Mgonjwa wa Bondeni alipokelewa na nesi mmoja, mizani moja iliyoamini kwamba kila binadamu ana kilo sabini, na bango la ukutani lililosema: KULA MATUNDA.

Nesi huyo aliitwa Siwatu binti Vuai. Miaka kumi na tisa alikuwa ameiendesha zahanati ya Bondeni kwa insulini iliyoletwa kutoka bohari ya serikali kila mwezi, ikiwa pungufu mara nyingi, lakini ikija. Wagonjwa wake waliokuwa hawawezi kuishi bila sindano hiyo walikuwa kumi na wawili. Wa kumi na mbili alikuwa mumewe.

Makame, mume huyo, alikuwa fundi cherehani. Tangu ujana wake mwili ulikuwa umeacha kuitengeneza dawa hiyo wenyewe, hivyo akaishi kwa sindano mbili kwa siku, moja asubuhi na moja jioni. Akiikosa kwa siku chache angekauka, angetapika, angelala asiamke. Siwatu alilijua hilo kama nesi na kama mke, na kila mmoja kati ya hao wawili alikuwa na namna yake ya kuogopa.

* * *

Ikatokea kwamba Wizara, baada ya safari ya mafunzo ya wiki tatu ng'ambo, iligundua kwamba watu wa Bondeni wanakufa zaidi kwa kisukari kuliko watu wa Mlimani. Watu wa Bondeni walikuwa wakilijua jambo hilo bure kwa miaka mingi, lakini kujua bure hakuhesabiki. Redio ilitangaza ugunduzi mara tatu kwa siku. Ukaundwa Mradi wa Kitaifa wa Utafiti wa Kupunguza Pengo, na juu yake akawekwa Profesa Shekivuli, mtu mwema sana. Ni vizuri lisemwe mapema, kwa sababu baadaye msomaji anaweza kusahau.

Profesa alifika Bondeni kwa msafara wa magari manane. La tisa lilibeba friji. Lilikuwa friji refu, jeupe, lenye mlango wa kioo, na ndani yake chupa za insulini zilipangwa kwenye rafu mpaka juu. Siwatu alipoliona alisogeza mizani kulipisha. Wabebaji wakaliingiza zahanati, wakalichomeka kwenye umeme, likaanza kuunguruma. Kisha ofisa mmoja akalizungushia utepe mwekundu kutoka juu hadi chini na kushoto hadi kulia, akafunga fundo kubwa mbele ya mlango, akalipiga lakiri ya Wizara.

"Shikamoo, profesa," Siwatu alisema. "Mungu awalipe. Tunaanza lini kuwapa watu?"

"Marahaba, nesi. Mbona tumeshaanza?" Profesa alitabasamu. "Awamu ya kwanza ni kulipima pengo. Na pengo lazima lipimwe likiwa zima. Ukiligusa kabla hujalipima, umelichafua. Kwa hiyo hata ile dawa ya bohari ya kila mwezi tumeisitisha. Ilikuwa inapunguza pengo kiholela."

"Imesitishwa?"

"Kwa muda tu. Miezi sita ya kupima, kisha mgeni rasmi atakuja kuzindua jokofu, na hapo kila mtu wa Bondeni atapata haki yake."

"Na wagonjwa wangu, profesa, kwa hiyo miezi sita?"

Profesa akamshika bega kwa upole wa baba. "Wao ndio pengo lenyewe, nesi. Watunze."

* * *

Siwatu aliandika barua. Akajibiwa kwa heshima zote kwamba ratiba ya mgeni rasmi imejaa, kwa kuwa ana mzunguko wa barabara wa kuzindua, na taa ya mzunguko huo, na kitabu cha picha za yeye mwenyewe akizindua. Akaenda Mlimani kununua dawa kwenye duka la kliniki. Muuza dawa akamwomba hati ya ukaazi wa Mlimani. Akarudi.

Nyumbani Makame alikuwa na chupa mbili zilizobaki kwenye mtungi wa maji baridi, akaanza kujipunja, kama walivyofanya wenzake kumi na mmoja kwa masalio yao, nusu dozi asubuhi na nusu jioni. Katika mwezi mmoja aliipunguza suruali yake mwenyewe kiunoni mara tatu.

"Mama Asumini, huoni faida?" alimwambia mkewe, akiwa amekaa kwenye cherehani, midomo imemkauka. "Kitambaa kinabaki. Nikiendelea hivi nitakushonea sketi."

"Usinifanyie mzaha, Baba Asumini. Umepima sukari leo?"

"Nimepima."

"Ngapi?"

"Ile mashine imechoka."

"Ngapi?"

"Ishirini na sita."

Mwenye afya hafiki kumi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa tumbo lilikuwa la kwanza tu, mengine yote yangefuata. Mzee mmoja mvuvi wa kambare, wa tisa katika orodha yake, alikuwa ameshaanza kuona giza. Mwanaheri, mama mwenye mtoto anayenyonya, alikuwa akija zahanati kila asubuhi, anakaa sakafuni mbele ya friji, analitazama kupitia kioo. Alisema akiziona zile chupa anapata nafuu.

Ijumaa hiyo, saa saba mchana, mtaa mzima ukiwa msikitini, Siwatu alichukua mkasi wa mumewe wa kukatia kanzu. Akamkumbuka yule aliyefungwa kwa kuvuka daraja, akapiga moyo konde, akakata. Utepe ulianguka bila kelele. Hakuna aliyepiga makofi.

* * *

"Umekata?" Makame aliuliza jioni ile, baada ya sindano nzima ya kwanza kwa wiki tano. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia usoni.

"Nimekata. Kesho kutwa wanakuja na dodoso. Wataniweka ndani."

"Ulete huo utepe."

Akaugeuza mkononi kama anavyogeuza kazi ya mteja mgumu. "Hariri ya uongo," alisema kwa dharau. "Serikali nzima inatumia hariri ya uongo." Akaukunja pale palipokatwa, akaushona kwa uzi mwekundu mwembamba, na upande wa ndani akashonea vishikizo vya kubana, vile vya mgongoni mwa gauni la harusi. Kwa nje ulikuwa utepe mzima, fundo lake na lakiri yake. Kwa ndani ulibanduka na kubandikika kwa kidole kimoja.

"Kwa mara ya kwanza katika nchi hii," alisema, "kitu kinafunguliwa."

Siwatu alicheka, akacheka mpaka akalia, akamwambia mumewe kwamba anampenda, jambo ambalo alikuwa hajalisema tangu Asumini, binti yao, aolewe na kuhamia kisiwani. Kuanzia siku hiyo wagonjwa kumi na wawili walipita mlango wa nyuma wa zahanati, mmoja mmoja, wakapata dawa yao. Hakuna aliyeuliza inatoka wapi. Mvuvi wa kambare akaanza kuona tena. Mwanaheri akanawiri, na mtoto wake akanenepa. Makame akalazimika kuifumua suruali kiunoni, akalalamika kwamba kitambaa cha sketi kimepotea.

Kila mwezi alikuja mdadisi wa mradi, Bwana Fumbwe, mtu wa makamo mwenye mkoba na adabu nyingi, na dodoso la maswali sitini na manne. Swali la kwanza lilikuwa: Je, una furaha na pengo? La mwisho lilikuwa la kutoboa kidole na kupima sukari. Baada ya kazi Siwatu alimkaribisha chakula, naye alikula, akashukuru, akaosha sahani yake mwenyewe.

Mwezi wa pili Bwana Fumbwe alitazama kipimo cha Makame, akakifuta kwa shati, akatazama tena. Mwezi wa tatu alibadilisha mashine. Mwezi wa nne aliandika kila namba mara mbili, maana zote kumi na mbili zilikuwa saba, nane, sita, namba za Mlimani kabisa, katika mtaa ambao kwa mujibu wa kumbukumbu zote haukuwa umepata hata tone la dawa.

Hapo ndipo Siwatu alipoona alichokifanya. Miezi yote hiyo alikuwa akiogopa kukamatwa. Hakuwahi kufikiria kuogopa kuaminiwa.

* * *

Ripoti haikungoja miezi sita itimie, iliandikwa kwa siku nne, ambayo katika nchi ile ni kasi ya umeme. Ilisema kwamba watu wa Bondeni, wakiachwa bila kubughudhiwa na dawa, hupona wenyewe. Ilisema hali hiyo huenda inatokana na kutembea kwa miguu, moshi wa kuni, na subira. Ilisema pengo limezibika, tena kwa gharama ya utepe tu. Ilipendekeza bohari isirudie kamwe kuleta insulini Bondeni, isije ikaharibu mafanikio, na friji lihamishiwe Mlimani ambako kuna watu wanaoweza kulizindua.

Siwatu aliipata habari kutoka kwa Bwana Fumbwe, aliyekuja mbio kumpongeza. Hakungoja kubadili nguo. Alipanda Mlimani na sare yake ya kazi, akapita mapokezi, akapita samaki, akaingia ofisini kwa profesa na kusimama mbele ya meza.

"Profesa, hawakupona wenyewe. Mimi ndiye niliyewapa dawa."

"Dawa gani, nesi?"

"Insulini ya kwenye friji."

"Friji lipi?"

"Lile la Bondeni, profesa. Mlilolileta wenyewe. Nilikata utepe."

Profesa Shekivuli alivua miwani, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayempenda mtoto wa jirani. "Nesi Siwatu. Jokofu lile halijazinduliwa. Kisheria halipo. Na jokofu lisilokuwepo utalifunguaje?"

"Twende ukahesabu chupa. Zimepungua."

"Zimepungua kutoka ngapi? Chupa huhesabiwa siku ya uzinduzi. Kwa sasa ziko sifuri, na sifuri haipungui."

Siwatu akatoa mkasi mkobani, akauweka mezani. "Basi nifungeni. Yule wa daraja mlimfunga."

"Yule alionekana. Wewe nani alikuona?" Alikuwa akiongea kwa huruma ya kweli. "Nikikufunga nitakuwa nimekiri kwamba kulikuwa na kitu cha kufungua. Ripoti imeshapigwa chapa, nesi. Ina picha. Watu wenu wamesifiwa humo kuliko walivyowahi kusifiwa."

Siwatu alijisikia mchovu ghafla, uchovu wa miaka yote kumi na tisa ukamkalia mabegani kwa pamoja. Akasema polepole, kama anayemweleza mgonjwa jinsi ya kumeza kidonge.

"Profesa, mkiondoa friji lile mume wangu atakufa. Sisemi ataumwa. Atakufa. Na wenzake kumi na mmoja."

Macho ya profesa yakalowa. Alikuwa mtu mwema, imeshasemwa. Akafungua daftari, akaandika kitu, akakipigia mstari. "Hofu," alisema. "Hilo ndilo limebaki Bondeni. Sukari imekwisha, hofu ipo. Nitaiombea fedha za utafiti."

* * *

Uzinduzi wa ripoti ulifanyika Bondeni, mbele ya zahanati, chini ya mahema yenye mapazia ya dhahabu. Mgeni rasmi alikuwa Waziri mwenyewe. Kwa kuwa shughuli ilihusu kisukari, wageni waliandaliwa soda kreti arobaini na keki ya ghorofa tatu iliyoandikwa kwa sukari ya rangi: PENGO LIMEZIBWA.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, "wapo mataifa makubwa, yenye pesa, yenye maabara, ambayo mpaka leo yanawachoma watu wao sindano! Sisi tumevuka hapo. Sisi tumegundua kwamba umaskini ni dawa. Ninawaagiza watu wa Mlimani waje wajifunze kwenu, ikiwezekana kwa safari ya mafunzo. Na ninyi watu wa Bondeni, nawaomba msibadilike. Msituangushe."

Watu walipiga makofi, kwa sababu walikuwa wameahidiwa soda. Kisha Makame akaitwa jukwaani kama mfano hai, akakabidhiwa Cheti cha Mwili Unaojitegemea na kipande cha keki. Wapiga picha wakamtaka aile. Akamtafuta mkewe kwa macho katikati ya umati. Siwatu akatikisa kichwa. Waziri naye alikuwa anasubiri, kamera zimeelekezwa, na walinzi wanne wamesogea, basi Makame akaing'ata, akameza, umati ukashangilia.

Siwatu alipenya hadi kwenye kipaza sauti. Alisema yote, tangu bohari hadi vishikizo vya kubana, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Alipomaliza, watu wakatazamana. Ndipo Waziri akasimama, akamkumbatia, akasema hivi ndivyo walivyo wanawake wa taifa hili, wenye unyenyekevu wa kukataa kwamba muujiza umetokea mikononi mwao. Watu wakapiga makofi tena.

Wabebaji wakalitoa friji, utepe wake ukiwa mahali pake. Kabla ya sherehe Siwatu alikuwa amefaulu kutoa chupa nne tu, maana tangu alfajiri walinzi walikuwa wamekaa mle ndani kwa ajili ya kivuli. Huko Mlimani lilizinduliwa jioni ileile, likapewa jina la Jokofu la Kumbukumbu ya Usawa. Kliniki ilikuwa na insulini ya kutosha, kwa hiyo zile chupa zikatolewa, na ndani pakawekwa chakula cha samaki.

* * *

Chupa nne kwa watu kumi na wawili ni siku kumi na moja, kama hakuna anayeongezewa. Siwatu alipiga hesabu hiyo mara nyingi na kila mara ilitoa jibu lilelile. Alipeleka barua bohari, alimtuma mtu kisiwani kwa Asumini, alimsimamisha kila aliyekuwa anasafiri. Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema nini kinampata anayeyatangaza kwa kipaza sauti.

Siku ya sita Makame alikataa sindano.

"Anza na Mwanaheri," alisema. "Yule ananyonyesha."

"Utachomwa, Baba Asumini. Mimi ndiye nesi hapa."

"Na mimi nina cheti. Mwili wangu unajitegemea. Waziri amesaini."

"Makame." Alimwita kwa jina, jambo asilolifanya tangu waoane. "Nakuomba."

"Ningeichoma ningeiba, Siwatu. Tulipokuwa tunaiba tulimwibia Waziri. Sasa tutakuwa tunamwibia yule mtoto."

Alikaa siku tano. Mbili za kwanza alishona, ya tatu alitapika, ya nne alihema kwa nguvu huku pumzi yake ikinuka kama embe lililochacha, na Siwatu, ambaye alikuwa ameinusa harufu hiyo kwa watu wengi, alilala chini pembeni yake akamshika mkono. Ya tano, baada ya adhuhuri, alikufa. Dozi alizoziacha zilimtosha Mwanaheri mpaka wiki iliyofuata. Kisha na yeye akaanza kukauka.

Mwisho wa mwezi Bwana Fumbwe alikuja na mkoba wake. Alikuwa amesikia. Alikaa kwenye mkeka, akatoa pole, pole ya kweli, maana alikuwa amekula chakula cha nyumba ile. Kisha akatoa dodoso.

"Samahani, nesi. Lazima lijazwe. Mhojiwa yupo?"

"Hayupo."

Akashusha kidole kwenye karatasi. "Hapa kuna visanduku viwili. Amepona, au amehama."

"Hakuna cha kufa?"

"Kilikuwepo. Kamati ilikiondoa, ilionekana kinawatisha wahojiwa."

"Andika pembeni."

"Pembeni hapasomwi, nesi. Karatasi zinasomwa na mashine." Bwana Fumbwe akatia alama taratibu kwenye kisanduku cha pili, akafuta jasho. "Amehamia wapi?"

Siwatu akaonyesha kwa kidevu. Kupitia dirisha, nyuma ya nyumba ya mvuvi wa kambare, ambaye naye alikuwa amezikwa Jumanne, makaburi ya Bondeni yalionekana, mapya yakiwa upande wa huku.

"Umbali?"

"Dakika tano," alisema Siwatu. Alikuwa akienda kila asubuhi.

Bwana Fumbwe akaandika dakika tano. Likabaki swali moja, la sitini na nne, linalouliza kama mhojiwa atapatikana kwa awamu ya pili. Akainuka, akaenda dirishani, akaitazama njia, akaona ni fupi na haina tope. Akaandika: Atapatikana.